Miaka Sita Niliyompa Magokoro

Kabla hujanihukumu, jua kwamba yeye ndiye aliyeanza. Yeye ni magokoro, yaani nyanya yangu mzaa baba, na tangu enzi za kuogeshwa kwenye karai nje ya jikoni aliniita mume wake. Nikirudi kutoka shuleni na matope, angewaambia majirani, "Oneni mume wangu, ameleta udongo badala ya nyama." Nami nilikuwa najibu, "Nyama ya nini na mke mwenyewe hana meno?" Anacheka mpaka anashika ukuta.

Kwetu hiyo si kukosa adabu. Sisi Wagusii tuna kitu kinaitwa ensoni, ile haya ya heshima iliyo kati ya mtu na watoto wake. Kuna maneno huwezi kuyataja mbele ya baba yako, na kuna mahali huwezi kuketi kama mama mkwe wako amepita hapo. Lakini kati ya nyanya na mjukuu ensoni haipo. Mnataniana mnavyotaka, hata kuhusu kifo. Salamu yetu ilikuwa moja tu. Nasimama mlangoni mwa jikoni lake nauliza, "Bado uko?" Naye, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Niko. Nataka nikuzike wewe kwanza ndio nipumzike."

Basi huyo ndiye mtu niliyemharibia.

Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, nasomea hisabati ya bima. Usiniulize kwa nini. Alama zilifika, jina la kozi lilinuka pesa, nikajaza. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliwatangazia watu kanisani, Jumamosi ya Sabato, kwamba nasomea kuhesabu pesa ambazo bado hazijafika. Nilimcheka sana nyuma ya kanisa. Baadaye nikagundua hakuna mhadhiri aliyewahi kuieleza kozi yetu vizuri kuliko hapo.

Maana ni hivyo hasa. Tuseme magokoro ameniahidi chapati ya Krismasi, na leo ni Aprili. Chapati hiyo si chapati nzima leo, kwa sababu aliye na chapati leo anaweza kuiuza, anunue unga, apike nyingine. Kwa hivyo ya Krismasi unaikata kidogo ili ujue thamani yake ya leo. Ya Krismasi ya mwaka ujao unaikata zaidi. Ya miaka kumi ijayo inabaki kipande cha kushikia mboga. Halafu kuna mkato wa pili, ule ulionifanya nicheke darasani mpaka mhadhiri akaniangalia: lazima uulize kama mpishi atakuwa hai.

Kwa hilo kuna jedwali la vifo. Juu kabisa wanaanza watoto laki moja, na kila mstari unaoshuka wanapungua, wanapungua, mpaka chini kabisa wanabaki wazee wachache ambao ungeweza kuwaketisha kwenye benchi moja. Mimi huketi nyuma. Wenzangu walipokuwa wakinakili, mimi niliwapa wale wa benchi majina ya utani na magonjwa. Nilipata alama ya wastani kwenye mtihani wa kwanza na sifa kubwa ya uchekeshaji.

Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani, upande wa Itumbe, ambako ukisimama popote unaona majani chai. Nilikuta mambo. Magokoro ana michai yake mwenyewe, aliyopanda na sokoro, babu yangu, alipokuwa hai. Goti la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua na wachumaji wamekuwa adimu. Mzee mmoja mwenye lori, mtu wa Keroka, alikuja na ofa. Angeichukua ile michai, aihudumie na kuuza majani maisha yote ya magokoro, na siku akifa michai inarudi kwa familia. Malipo yalikuwa ya kuchagua. Ama shilingi laki mbili na nusu mara moja, mkupuo. Ama elfu arobaini kila mwaka bonasi ya chai ikitoka, yale malipo ya kiwanda ya mara moja kwa mwaka, mpaka siku atakapofariki.

Baba mkubwa alitaka mkupuo. Usimwone mbaya. Alikuwa na mpango wa mashine ya kusaga mahindi, na alisema kutoka moyoni kwamba mama yake angekuwa anapata unga wa bure.

Magokoro alitaka ya kila mwaka. Hakusema kwa nini, lakini sisi sote tunaijua siku yake ya bonasi. Siku hiyo huvaa leso mpya na kwenda Ogembo peke yake, hataki kusindikizwa. Hurudi jioni na mkoba unaomvuta chini: sukari, mikate mitatu, gambuti za kuvaa shambani, bahasha ya zaka. Watoto wa boma lote humkimbilia barabarani. Wanawe wakubwa, watu wenye ndevu, humwomba awakopeshe. Anawazungusha kidogo kwanza. Ni siku moja katika mwaka ambapo anasema ndiyo au hapana na watu wanangoja.

"Msomi," baba mkubwa akaniambia, "wewe ndiye unajua pesa ambazo hazijafika. Tufanyie hesabu. Nitumie kwa simu."

Nilienda jikoni na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikaketi kwenye kigogo. Magokoro alikuwa anachambua mboga za chinsaga.

"Magokoro, una miaka mingapi?"

"Ya kitambulisho au yangu?"

"Kwani ziko mbili?"

"Ya kitambulisho ni ya sokoro yako. Tulienda kuandikishwa siku moja. Karani alikuwa na njaa, akaandika ya mzee, halafu kwangu akanakili tu."

Nilicheka. Nilidhani ni ile michezo yetu. "Kwa hivyo mlizaliwa siku moja kama mapacha? Tarehe moja Januari?"

"Nakuambia."

"Haya, kitambulisho kinasema themanini na nne. Naandika hiyo."

"Andika unachotaka. Wewe ndiye umesoma."

Nikaandika themanini na nne. Nikafungua jedwali ambalo mhadhiri alitupa la mazoezi, la watu wa nchi nyingine, watu ambao hawajawahi kupanda kilima na gunia la majani mgongoni. Njia sahihi ni kuchukua kila mwaka peke yake, uulize swali lake: atakuwepo au hatakuwepo? Mimi nilitaka kumaliza kabla mboga hazijaiva. Nikachukua wastani wa miaka inayobaki, nikaikata kwa riba ya asilimia kumi, nikapata.

"Na hiyo simu inasema nabakisha ngapi?"

"Sita na ushee."

"Ushee ni nini?"

"Miezi kadhaa."

"Hiyo miezi ikate, mume wangu. Lakini nipangie nife Jumapili, nisiwaharibie watu Sabato."

Tulicheka mpaka chinsaga zikamwagika. Na kwa sababu tulikuwa tumecheka, nikaandika ripoti hivyo hivyo, nikimsomea kila mstari. *Bidhaa: magokoro mmoja. Hali: imetumika sana. Gia ya goti la kushoto imelegea na spea hazipatikani sokoni. Inatarajiwa kuzima baada ya miaka sita na ushee. Malipo ya kila mwaka yana thamani ya leo ya kama laki moja na elfu themanini. Ushauri: chukua mkupuo kabla injini haijafa.*

"Ongeza taa," akasema, akionyesha macho yake. "Andika taa zinawaka moja moja."

Nikaongeza taa. Kisha, kwa kidole hiki hiki, nikaituma kwa baba mkubwa. Nilikuwa mvivu wa kuandika nyingine. Nilijiambia ataruka mizaha asome namba.

Hakuruka hata neno.

Jumapili tuliitwa sebuleni kwake. Walikuwepo mkewe, mama yangu, shangazi wawili, na magokoro kwenye kiti karibu na mlango. Baba mkubwa alikuwa amepeleka ile ripoti kwa duka la kuchapisha kule Ogembo, wakaitoa kwa rangi, na sasa ilikuwa ndani ya ile nailoni ya kuhifadhia vyeti. Akavaa miwani.

"Msomi wetu ametufanyia kazi ya kitaalamu," akasema. "Mimi sikuelewa lugha yote, kwa sababu ni lugha ya chuo. Lakini nitasoma kama ilivyo."

Akasoma kama ilivyo. Polepole, kwa sauti anayosomea neno la Sabato. "'Bidhaa. Magokoro mmoja. Hali. Imetumika sana.'" Akapumua. "'Gia ya goti la kushoto imelegea, na spea hazipatikani sokoni.'" Akainua macho, akamwangalia mama yake kwenye goti, kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali. "'Taa zinawaka moja moja. Inatarajiwa kuzima baada ya miaka sita na ushee.'"

Mke wa baba mkubwa aliinamisha kichwa. Yeye ni mkwe, hata jina la magokoro halitamki, na sasa alikuwa ameketishwa hapo kusikiliza gia zake. Shangazi mmoja alisema "Jamani" kwa sauti ndogo. Mama yangu aliniangalia tu, na tangu siku hiyo najua uso wake unavyokuwa anapojuta.

Maneno yalikuwa yale yale tuliyoyacheka jikoni. Lakini jikoni yalikuwa kinywani mwangu. Sasa yalikuwa kinywani mwa mwanawe, aliyemzaa, ambaye hajawahi hata kumwona bila kitambaa kichwani. Magokoro alivuta leso kutoka mabegani, taratibu, akafunika nusu ya uso. Sikuwahi kumwona akimficha mtu uso. Siku hiyo aliwaficha wote, na mimi nikiwemo.

"Mama," baba mkubwa akauliza, "unasemaje? Kitabu kinasema mkupuo."

"Kama kitabu kimesema," akajibu.

Na mimi nikacheka. Nataka niliandike hilo kwa sababu ndilo linalonirudia nikiwa nimeketi darasani. Hakukuwa na cha kuchekesha. Aibu ilikuwa imenijaa mpaka hapa, ikatafuta mlango, na mimi mlango ninaoujua ni meno. Wote waligeuka wakaniona.

Ikaamuliwa mwenye lori aje Jumanne na karatasi za kutia sahihi.

Jumatatu mama alinituma Ogembo na mkungu wa ndizi kwa dada mkubwa wa magokoro. Nadhani alitaka tu nisionekane bomani. Yule bibi anaishi nyuma ya soko, chumba kimoja, kuku watatu. Alinipa uji akauliza habari za mdogo wake.

"Yuko," nikasema. "Miaka themanini na nne si mchezo."

"Ya nani?"

"Ya magokoro."

"Themanini na nne ya wapi? Mimi hapa nina sabini na tano! Huyo nilimbeba mgongoni, akanikojolea nikienda shule, nikachapwa kwa kunuka." Akainuka, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa Biblia isiyo na jalada. Baba yao alikuwa mzee wa kanisa, na kwenye ukurasa wa mwisho aliandika kwa penseli kila mtoto aliyezaliwa, na mwaka wake. Magokoro alikuwa mstari wa nne. Nilihesabu kwa vidole kwanza, halafu kwa simu.

Sabini na miwili.

Karani alikuwa amempa miaka kumi na miwili ya mume wake. Naye alikuwa ameniambia. Aliniambia waziwazi, huku mkono wake uko kwenye mboga, na mimi nikacheka kwa sababu nilishazoea kwamba kila anachosema ni kicheko.

Nilifanya hesabu upya palepale, uji ukipoa. Kwa mwanamke wa miaka sabini na miwili, hata lile jedwali la wageni linampa miaka kumi na mitatu hivi. Elfu arobaini kila mwaka, ukikata kila moja kwa riba ile ile, unapata kama laki mbili na elfu themanini na nne. Mkupuo ni laki mbili na nusu. Hesabu yote iligeuka miguu juu.

Nikapiga picha ule ukurasa. Jioni nilimkuta baba mkubwa akikama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilipofungua mdomo likatoka lile lile la siku zote.

"Baba mkubwa, ile bidhaa kumbe ni modeli ya juzi."

Hakugeuka. "Wacha mchezo. Kesho uoge, uvae shati lenye kola."

Nikaondoka. Hata sikumwonyesha picha.

Jumanne mwenye lori alifika mapema, mtu mpole, koti safi, karatasi zake kwenye bahasha, na kile kidude cha wino cha kuchovya kidole. Mzee wa kijiji alikuja kushuhudia. Karatasi ikawekwa juu ya kigoda. Baba mkubwa akashika mkono wa mama yake, akasaidia kidole gumba kugusa wino. Kikawa bluu.

"Ngojeni," nikasema. "Hesabu yangu ni mbaya."

"Keti," akasema baba mkubwa.

"Nilikosea miaka. Magokoro hana themanini na nne."

Shangazi mmoja alianza kutabasamu, tayari kwa utani. Mzee wa kijiji naye akaegemea mbele, maana sifa zangu zilikuwa zimemfikia. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yangu: kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasema ukweli mbele ya watu wazima, na wote wanangoja mahali pa kuchekea.

"Juzi sita," akasema baba mkubwa. "Leo ngapi? Na kesho utatuambia nini?"

Sauti yangu ilikuwa inapanda kama ya mtoto wa darasa la tano. Nikaeleza ile Biblia, yule karani, ile penseli. Nikaizungusha simu, lakini kioo kimepasuka na jua lilikuwa kali, hakuna aliyeona kitu.

Magokoro aliinua mkono wenye wino.

"Wewe," akaniambia. Hakusema mume wangu. "Ni mchezo au ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nilikuambia jikoni."

"Uliniambia."

"Ukaandika ya sokoro yako."

"Niliandika."

Mwenye lori akakohoa, na lazima nimpe haki yake, hakudanganya. "Mama, mimi sikutumia kitabu," akasema. "Nilikuona ukipanda kile kilima na gunia. Nikajua huyu ni wa kunizika mimi. Ndiyo maana mkupuo niliutaja kwanza."

Magokoro akaangalia kidole chake, akakipangusa kwenye pindo la leso, upande wa ndani, mpaka bluu ikabaki kwenye kucha tu.

"Andikeni ya kila mwaka," akasema.

Baba mkubwa alitoka nje. Mashine ya kusaga haikununuliwa, na mpaka leo akinisalimu ananisalimu kama mtu anayelipa nauli. Simlaumu.

Nilirudi chuoni. Mhadhiri alipofika tena kwenye jedwali la vifo, nilisogea mbele, safu ya pili. Wenzangu walidhani naandaa kichekesho. Nilikuwa naangalia ule mstari wa sabini na mbili, nikifikiria kwamba kati ya waliokaa hapo mmoja anachambua chinsaga.

Desemba nikafika nyumbani. Bonasi ilikuwa imetoka, na mwenye lori alikuwa amelipa elfu zake arobaini bila kusumbua. Niliona gambuti mpya mlangoni mwa jikoni, nyeusi, zimepangwa pamoja. Moyo ukapata nguvu kidogo. Nikasimama mlangoni kama siku zote.

"Bado uko?"

Aligeuka kutoka kwenye sufuria. Akaweka mwiko chini, akarekebisha kitambaa kichwani kikae sawa.

"Niko, mwanangu," akasema. "Karibu. Habari ya masomo?"

Nikataka kwenda kwenye kigogo changu, lakini alikuwa ameshatoka, akarudi na kiti kutoka nyumba kubwa, kile chenye kitambaa cha kufuma mgongoni, anachowekewa mchungaji. Akakipangusa. Nikaketi, magoti yamebanana.

"Magokoro, ile siku ya Jumapili," nikasema. "Nisamehe."

"Nilishasamehe siku ile ile, mwanangu."

Alisema vizuri, kwa upole. Akatoa kikombe cha kisahani, akamimina chai, akaniangalia pembeni kidogo ya uso, jinsi anavyomwangalia baba mkubwa. Kisha mwanamke aliyenikorogea chai tangu sijajua kutembea akachukua kijiko na kuniuliza, "Sukari ngapi?"

Nikasema viwili. Anajua kwamba ni vinne.

Akaweka viwili.